Naomba ushauri: asubuhi zangu zinaliwa na simu

Habari zenu wakuu. Kila jioni najiuliza siku imeenda wapi, na jibu sina.

Wiki iliyopita niliamua kuandika kila ninachofanya, nusu saa kwa nusu saa. Jumanne daftari linasema: saa 12:10 asubuhi, nimeshika simu nizime alamu. Mstari unaofuata ni saa 1:25. Bado niko kitandani, simu mkononi, mguu mmoja tu ndio umegusa sakafu. Hiyo ndiyo saa niliyojiahidi kusoma. Iliniuma sana.

Nimejaribu mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Kazini inanisaidia kweli. Nyumbani hizo 5 zinageuka 40.

Kilichonipa moyo ni utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London: tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, kuanzia 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mimi nikikosa siku moja huwa naacha kabisa.

Sasa mliofanikiwa, mlianza na tabia moja au kadhaa kwa pamoja? Na usiku simu mnaiweka wapi? Nataka kuihamishia chumba kingine na kununua saa ya mezani yenye alamu, ila mama ni mgonjwa, yuko mbali, anaweza kupiga usiku wowote. Hapo ndipo nimekwama.