Nyie mnaoandika "bonyeza hapa" kila mahali kwenye tovuti, mnatuumiza sisi tusioona

Wakuu naandika hii nikiwa na hasira kwelikweli. Niko Moshi, Pasua, mimi sioni, kompyuta naitumia kwa NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, aliianzisha Michael Curran wa Australia 2006 na yeye mwenyewe haoni. Jana usiku namtafutia mdogo wangu fomu ya kujiunga kwenye tovuti ya chuo kimoja huko Arusha, nikabonyeza Insert na F7 inipe orodha ya linki zote za ukurasa, ndo nikasikia: bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa, soma zaidi, bonyeza hapa. Kumi na moja! Hapa wapi sasa??

Anayeona anatupia jicho maneno ya pembeni anajua hii ya diploma ile ya ada, ila kwenye orodha maneno ya pembeni hayaji. Yaani ni kama nifike stendi ya Moshi makonda wote wanaita "panda hapa panda hapa", hakuna anayesema Himo wala Marangu wala Rombo, nitajuaje gari langu? Nikaanza kufungua moja moja, ya nne ikawa PDF nzito ya picha za mahafali, bando la elfu mbili likaishia hapohapo.

Asubuhi nikapiga simu chuoni, dada aliyepokea akanijibu kaka mbona kwetu iko sawa, we bonyeza pale palipoandikwa bonyeza hapa. Nikakata simu maana ningetukana.

Na hatudai anasa. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa 2008, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu pia, kipengele 2.4.4, kiwango A yaani cha chini kabisa, unataka linki ieleweke inampeleka mtu wapi, kwa maneno yake au yanayoizunguka. Andika "Fomu ya kujiunga, diploma ya uhasibu, PDF, MB 2", imeisha hiyo, hata mwenye macho anayeperuzi haraka kwenye simu inamsaidia. "Soma zaidi" nayo semeni zaidi kuhusu nini, na msitubandikie anwani ndefu mbichi ya https, sauti inaisoma yote na mikwaju (/) yake mpaka kichwa kinauma.

Kama humu kuna anayeshughulikia tovuti za vyuo vya Arusha tafadhali aingie abadilishe leo, dirisha la maombi linafungwa Ijumaa na fomu ya mdogo wangu bado sijaipata.