Mtwara hadi Dar kwa ndege ni kilomita ngapi na inachukua muda gani hasa?

Binti wa Lindi: Habarini wakuu. Nataka kumpeleka mama Dar kliniki ya magoti. Basi hawezi tena, safari iliyopita kufika Kibiti miguu imevimba mpaka kandambili haziingii, analia kabisa. Sasa safari hii apande ndege kutokea Mtwara. Ila nimechanganyikiwa, app moja inasema umbali ni 398, nyingine 247, nyingine 215! Halafu muda wanasema dakika 30 wakati tiketi imeandikwa zaidi ya saa nzima. Nishike ipi? Na sisi tunatokea Lindi mjini.

Baharia Mikindani: Pole dada, na mama mpe pole sana. Hizo namba zote tatu ziko sawa, ni umbali uleule mmoja. 398 ni kilomita, 247 ni maili za kawaida, 215 ni maili za baharini ambazo marubani wanatumia kama sisi wa majini, moja ni kilomita 1.852. Na huo ni mstari ulionyooka, ndo maana barabara inafika kama 560, yenyewe inazungukia Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, mpaka ukavuke Daraja la Mkapa pale Rufiji.

Muda sasa. Hiyo dakika 30 wamepiga hesabu ya jeti inayokwenda 800 kwa saa, tena kama vile iko juu tayari. Mkipanda Bombardier Q400, hiyo ni ya pangaboi, sio jeti, ikichanganya sana ni 660 hivi, na hapo bado kupanda, kushuka, kusubiri zamu ya kutua Dar, maana kule ndege ni nyingi. Halafu muda wa tiketi unaanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka isimame kule, sio hewani tu. Weka saa moja, usiweke pungufu.

Mkazi wa Ligula: Dada kinachotesa sio hewani, ni hizo kilomita 105 za Lindi mpaka Mtwara. Mimi nilitoka Lindi saa mbili asubuhi, ndege saa nne na nusu, nikajua muda upo wa kutosha, tukapata pancha mbele ya Mingoyo na spea haina upepo. Nafika kaunta imeshafungwa, ndege naiona kwa macho yangu bado iko chini. Niliumia sana. Kwa mgonjwa njooni mlale Mtwara.

Mama Korosho: Na ukikata tiketi sema palepale kwamba anahitaji kiti cha magurudumu, usingoje siku ya safari. Mtwara mnatembea uwanjani mpaka kwenye ndege halafu kuna ngazi, kwa magoti hayo ashikwe.

Binti wa Lindi: Asanteni sana jamani. Nimeshaongea na shangazi yuko Shangani, tutalala kwake. Kiti napiga simu kesho asubuhi.

Baharia Mikindani: Muombee dirisha la kulia, kukiwa hamna mawingu atakiona kisiwa cha Mafia.