Mjadala: Kompyuta ya studio ya mtaa, iwe na kadi ya picha au isiwe nayo?

Hoja: Vijana wa Likoni, Mombasa, wanachanga pesa za kompyuta moja, ya kurekodi nyimbo na kuhariri video. Wapo wanaosema wasiweke kabisa kadi ya picha (GPU, kifaa cha kuchora picha za skrini na video), kwamba ndiyo inayoleta ile "tak, tak" kwenye sauti. Semeni.

FUNDI, MWEMBE TAYARI: Wasiweke. Kuchora mita na mawimbi ya sauti, sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa ("picha ya ndani") yatosha. Ukirekodi kwa bafa (ghala dogo la muda la sauti) ya sampuli 64 kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, mashine ina milisekunde 1.33 tu za kuijaza. Draiva ya kadi (programu inayoiendesha) ikiishikilia prosesa milisekunde nzima, bafa haijajaa na sauti inakatika. Tena mkatiko ukitokea wakati msanii anaimba, umeshaingia kwenye rekodi. Pesa hiyo wanunue RAM na maikrofoni ya maana.

MHARIRI WA VIDEO, NYALI: Ami, kwa kurekodi peke yake nakubali. Lakini hawa watahariri video za harusi pia, na hapo kadi inaokoa masaa. Mashine ipimwe kwanza kabla ya kuhukumu. Fungua LatencyMon, programu ya Windows inayopima ucheleweshaji wa madraiva, cheza mradi mzito dakika 10, halafu angalia orodha ya madraiva, ipange kwa anayechelewa zaidi. Nvlddmkm.sys ikiwa juu, hiyo ni draiva ya kadi za NVIDIA. Ikiwa ni ndis.sys, ni mtandao: zima Wi-Fi, kadi haina kosa.

Ikiwa ni NVIDIA kweli, ingia NVIDIA Control Panel, kwenye umeme chagua "Prefer maximum performance". Kadi inapopanda na kushuka mwendo ndipo draiva huchelewa. Pima. Bado? Nenda Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, uzime sauti ya HDMI ya kadi. Pima tena. Bado? Futa draiva kwa DDU (programu ya kuisafisha draiva yote) ukiwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vya lazima tu), weka Studio Driver, draiva ya NVIDIA ya kazi za ubunifu, bila vikorokoro vyake. Badilisha kimoja kimoja. Ukigusa vyote kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya.

FUNDI, MWEMBE TAYARI: Na draiva ikijisasisha wiki ijayo, nani atarudi Likoni kupima?

MHARIRI WA VIDEO, NYALI: Mashine ya studio haiachiwi ijisasishe ovyo. Hilo ni sawa hata bila kadi.

FUNDI MITAMBO YA SAUTI, KISAUNI: Mnachanganya maradhi mawili. "Tak, tak" ni bafa. Lakini kuna ile sauti nyembamba, "wiii", inayobadilika ukivuta dirisha kwenye skrini. Hiyo ni kelele ya umeme, na draiva hata ubadilishe mara mia haitoki. Panda bafa kutoka 64 hadi 512: mikatiko ikipungua, rudini kwa LatencyMon yenu. Kelele ikibaki vilevile, chomeka hedifoni kwenye intafesi (kisanduku cha sauti kinachounganisha maikrofoni na spika kwa kompyuta). Kwenye hedifoni kimya, kwenye spika inalia? Basi ni mzunguko wa ethi (ground loop) kati ya kompyuta na spika. Tumia kebo za TRS zilizo balansi (zenye nyaya mbili za sauti zinazofuta kelele), na spika na kompyuta zichukue stima soketi moja. Ikigoma, weka transfoma ya kutenganisha kwenye laini ya sauti. Na tafadhali, msikate pini ya ethi! Naona watu wanashauriana hivyo, na hiyo ni 240V, inaua.

Joto nalo msilisahau. Chumba kisicho na hewa, vumbi na chumvi ya bahari kwenye feni: kadi itanguruma hadi maikrofoni iisikie.

FUNDI, MWEMBE TAYARI: Hapo kwa umeme umenipata. Ila wakinunua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, haina picha ya ndani. Kadi ikiharibika, skrini giza na studio imefungwa. Wanunue isiyo na F, kadi wataongeza baadaye.

MHARIRI WA VIDEO, NYALI: Hilo nalitia sahihi. Skrini ichomekwe kwenye ubao mama, si kwenye kadi. Siku ya kurekodi kadi izimwe kwenye Device Manager, siku ya video iwashwe. Waangalie BIOS tu (mipangilio ya ubao mama kabla Windows haijawaka), maana mbao nyingi huzima picha ya ndani zikiona kadi imeingia.