Kiwanda cha alizeti: bosi anataka tuachane na madaftari, tuanzie wapi?

StooSgd
Habari za jioni wakuu. Niko kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida, sio kikubwa vile ila tunakamua usiku na mchana msimu ukikolea. Mimi ndo nashika stoo. Kwetu kila kitu daftari, mzigo ukifika getini mlinzi anaandika lake, wa mizani anaandika lake, mimi najaza leja, zamu ya usiku nao wana karatasi yao ya joto la mashine na ndoo ngapi zimetoka, halafu mwisho wa mwezi mhasibu anajifungia na rundo lote hilo anagonga kikokotoo na hakuna hesabu inayofanana na mwenzake.
Sasa bosi kaenda Sabasaba kaonyeshwa sistimu ya kompyuta, karudi kapagawa, anataka geti, mizani, uzalishaji, mauzo na mishahara vyote viingie kwa mpigo. Umeme huku mnaujua, vijana wa mashine mikono ina mafuta muda wote na wengine wana simu za batani. Tuanzie wapi? Na hivi TBS (watu wa viwango) au TRA (watu wa kodi) wakija wanakubali rekodi ya kwenye kompyuta au watadai karatasi tu?

Mkamuaji
Vyote kwa mpigo? mwambie bosi apunguze moto. Anzeni mizani na stoo, basi, hayo mengine yasubiri. Sababu ni kwamba kiwanda cha mafuta hesabu yake ni uzito tu mkuu. Alizeti imeingia kilo kadhaa, toa takataka na unyevu, kilichobaki lazima kionekane mahali, aidha ni mafuta, aidha ni mashudu, aidha ni mashapo chini ya tenki. Ukiweza kuiona hiyo hesabu KILA SIKU badala ya mwisho wa mwezi ushamaliza nusu ya kazi, hata kama ni kwenye Excel.
Kingine, acheni kuandika magunia. Gunia sio kipimo, na lumbesa zilivyojaa huko ndo kabisaa. Andikeni kilo, na mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla hamjanunua hata tableti moja, maana mizani ikidanganya sistimu inadanganya pia, tena kwa herufi nzuri.

Zamu_C
Hapo kwenye mizani naunga mkono ila kuna kitu watu hawakisemi. Swali sio karatasi au kompyuta, swali ni NANI anaandika na SAA NGAPI. Nimepita viwanda kadhaa, fomu ya joto inatakiwa kujazwa kila saa, ukiikuta asubuhi imejaa vizuri, kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zile zile toka saa nne usiku mpaka alfajiri. Ilijazwa saa kumi na moja kasoro mtu anapiga miayo. Ukiichukua fomu hiyo hiyo ukaihamishia kwenye tableti umehamisha uongo tu.
Na kosa lingine kubwa, kuweka binti mmoja ofisini kazi yake kuingiza yaliyoandikwa kwenye karatasi. Hiyo sio kuhama, ni kazi mara mbili, na makosa yanagundulika mzigo ushaondoka. Aandike yule yule aliyeona, pale pale alipoona, sistimu yenyewe iweke saa. Na fomu ikatwe, nina uhakika robo tatu ya mnavyojaza hakuna anayevisoma.

kibogoyo77
Mkuu wa stoo jichunge, sistimu ikikaa sawa wa kwanza kuitwa ofisini ni wewe 😂😂

StooSgd
@kibogoyo77 mbona naitwa kila mwezi hata sasa, tena kwa mzigo ambao sijaugusa. Mimi ndo naitaka kuliko bosi. Wenye wasiwasi ni wale wa getini, juzi tu kusikia habari za tableti mmoja kaanza kusema mionzi inaharibu macho.

ChaiKericho
Nikiwa upande wa Kenya, huku kwa majani chai mambo ya mizani ya elektroniki yalishafika mpaka kwa vituo vya kununulia, sio kiwandani pekee. Zamani karani anasoma mizani anaandika kwa karatasi na mkulima anabaki kuamini tu. Siku hizi uzito unaingia kwa mashine na mkulima anapewa risiti papo hapo. Kitu nimeona ni kuwa anayelinda hiyo sistimu sio meneja, ni mkulima, kwa sababu ako na kipande chake mkononi na kilo zikikosa kufanana mwisho wa mwezi atakuja kupiga kelele. Kwa hivyo hakikisheni dereva au mkulima anayeleta alizeti anaondoka na risiti ya kilo. Mtu wa nje akiwa na nakala, wa ndani hawezi kubadilisha ovyo.
Stima isiwatishe sana, tableti ina betri. Muhimu programu ikubali kufanya kazi bila intaneti halafu itume mtandao ukirudi. KoboToolbox, programu ya kujaza fomu, mnaweza kuijaribu kwa simu za kawaida za Android kabla ya kulipa mtu yeyote.

Mkamuaji
Sahihi kabisa hiyo ya risiti. Kompyuta ya mizani iwekeeni UPS, lile betri la kuishikilia umeme ukikatika. Na huyo muuzaji wa Sabasaba muulizeni maswali mawili kabla ya bei: siku tukiachana naye data zetu tunaondoka nazo kwa muundo gani, na malipo ni kwa kila mtumiaji kila mwezi kwa dola au vipi. Akianza kuzunguka zunguka, mpeni soda aende. Kuna ERPNext, sistimu ya kuendesha stoo, mauzo na hesabu, ni ya bure kama programu, ila "bure" msiielewe vibaya, mtu wa kuifunga na kuitunza analipwa.

hesabu_za_watu
Kuhusu TRA, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua rekodi ya kielektroniki, kwa hiyo kompyuta yenyewe sio tatizo. Tatizo ni pale mkaguzi anaomba kitu cha miaka mitatu nyuma na nyie mnasema diski iliungua. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe si chini ya miaka 5, sasa bakapu isikae chumba kimoja na kompyuta. Risiti za EFD (mashine ya risiti ya TRA) zinaendelea kama kawaida, sistimu yenu haiziondoi. Kwa TBS cha maana ni namba ya bechi, wakishika dumu sokoni muweze kuonyesha lilitoka zamu gani na alizeti ya nani. Nani alibadilisha nini nayo ionekane, mtu asifute kimya kimya.

StooSgd
Asanteni sana wakuu, hii nampelekea bosi kesho kama ilivyo (nitatoa ya kibogoyo 😂). La mwisho, haya madaftari ya zamani tuyaingize yote?

Zamu_C
Hapana, mtazeeka. Simamisheni mashine Jumapili moja, hesabuni kilichopo kwa macho, stoo na matenki yote, na mhasibu na mtu wa getini wawepo wasaini. Hiyo ndo namba ya kuanzia. Halafu mkae na daftari na sistimu pamoja kwa muda mfupi, ila tarehe ya kufunga daftari itajwe mapema, isipotajwa mwakani utakuwa hapa hapa unauliza kwanini watu wanaandika mara mbili.