Mchepuo wa Kiingereza tunalipia, Kiswahili bure, wote shule za serikali. Hii ni haki?

Mzazi_Mbagala: Wakuu naomba tujadili hili bila matusi. Elimu bila malipo tunayo tangu 2016, sawa. Lakini serikali hiyohiyo ina shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, Olympio, Diamond, kule Arusha ipo Arusha School, na huko mzazi anatoa ada. Wa kwangu anasoma bure kwa Kiswahili mpaka la saba halafu fomu wani anakutana na wa mchepuo, mtihani mmoja, Kiingereza kitupu. Asiye na ada afanyeje?

chuma_cha_reli: Unalaumu lugha bure. Shule za kata zilijazwa voda fasta, wale waliopikwa haraharaka baada ya fomu siksi wakapewa chaki. Mtu anajaza ubao notisi za bailojia kwa Kiingereza, mwambie aeleze alichoandika, anakimbilia Kiswahili 😂

Mwl_Sayansi: Ndugu, huyo voda fasta unayemcheka ni mimi. Nilipelekwa shule haina milango, masomo matatu peke yangu, digrii nimeisomea huku nafundisha. Na Kiswahili nakikimbilia ndiyo, tena makusudi. Nikisema difyusheni, yaani chembe kusambaa zenyewe kama harufu hewani, kwa Kiingereza watoto wananitolea macho, nikiwaambia mama anakaanga samaki uani na wewe uko barazani ushajua leo kuna mboga gani, darasa zima linacheka, wameelewa. Mtihani ukija jibu wanalo kichwani, sentensi ya Kiingereza ya kuliandika hawana. Anapata ziro halafu nyie mnasema hana akili.

binti_mchachu: Pole mwalimu. Ila si tuliambiwa Kiswahili kitatumika mpaka chuo kikuu? Kikwete alizindua, 2014 kama sikosei

Babu_Kalenda: Sera ni ya 2014 dada, uzinduzi Februari 2015. Ikalala. Toleo la 2023 sekondari limeiacha kwenye Kiingereza.

Mpemba_halisi: Sie huku Zanzibar sera ya 2006 ilisema hesabu na sayansi ziwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa mjini mwenye tuisheni hana shida, wa Micheweni je? Nyinyi wa bara hata hamtuulizi.

chuma_cha_reli: Mwalimu usilie hapa, kalie kwa Lowassa aliyekurupuka na shule za kata bila walimu

Mnyalu_Original: Wee muache mzee apumzike kwa amani! Bila Lowassa nusu ya mnaopiga kelele humu mngeishia la saba mkauze karanga stendi

Babu_Kalenda: Tuweke sawa. MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ilianza 2004 enzi za Mkapa. Lowassa kawa waziri mkuu Desemba 2005, kakuta mpango upo.

Mnyalu_Original: Mpango ulikuwa wa karatasi mzee wangu. Nani aliwatoa jasho wakuu wa wilaya mpaka kila kata ikapata sekondari, huyo Mkapa wako?

Babu_Kalenda: Mkapa wangu tena? Mimi nimetaja mwaka tu.

binti_mchachu: Na maabara je? Tulichangishwa mpaka kuku, enzi za Kikwete hizo, Lowassa keshajiuzulu zamani

Mzazi_Mbagala: Wakuu mimi nimeuliza habari ya ada

chuma_cha_reli: Wewe una wivu na watoto wa Olympio basi. Kauze kiwanja umlipie wako

Mzazi_Mbagala: Kiwanja ninacho wapi Mbagala hii?? Nina watoto watatu, nimuuze nani kati yao ili mmoja aende mchepuo?

Mwl_Sayansi: Chuma umenitukana ukahamia kwa marehemu. Hebu jibu, hiyo difyusheni wewe ungefundishaje?

chuma_cha_reli: Kwa Kiingereza. Si ndiyo kazi unayolipwa?

Mwl_Sayansi: Njoo Jumatatu kipindi cha kwanza, fomu wani B, wako 94. Chaki nitakupa mimi.

Mnyalu_Original: Na hilo darasa wanalokaa hao 94 alijenga nani? 😏