Bodi inajirisiti (inajiwasha upya) kwenye mipigo ya kilovolti 2 na MOV (kinga ya volti kupita kiasi) ipo. Tatizo ni nini?

fundi_bodi: Wadau, naomba msaada. Bodi ya kudhibiti pampu, volti 24 DC, boksi la alumini. Kwenye kipimo cha IEC 61000-4-4 (mipigo ya haraka ya umeme inayopita kwenye waya) inapita kilovolti 1. Ikifika 2 maikrokontrola inajirisiti. Mlangoni mwa umeme kuna MOV, ethi ya bodi inakwenda kwenye boksi kwa waya wa sentimita 10. Niweke MOV kubwa zaidi?

saketi_safi: Hapana mkuu, MOV iache ilivyo. Hiyo ni ya mawimbi mazito ya radi, yanayodumu makumi ya maikrosekunde. Mpigo wako unapanda kwa nanosekunde 5, na upana wake ni nanosekunde 50 tu. Adui ni huo waya wa ethi. Piga hesabu: milimita moja ya waya ni takriban nanohenri 1, kwa hiyo una nanohenri 100. Jenereta ina omu 50 ndani. Kwenye kilovolti 2, ikikutana na mzigo wa omu 50, inasukuma ampea 20. Ampea 20 kwa nanosekunde 5 kupitia nanohenri 100 ni volti 400! Ethi nzima ya bodi inaruka juu ya boksi kwa kiasi hicho.

Ng'oa waya. Kaza bodi kwa skrubu moja kwa moja kwenye alumini, jirani kabisa na konekta, na ukwangue rangi chini yake mpaka alumini ing'ae. Halafu kapasita ya nanofaradi 4.7 inayohimili kilovolti 2, toka kila waya wa umeme hadi skrubu hiyo, miguu iwe mifupi uwezavyo. Kwenye pini ya risiti (reset) weka nanofaradi 100, ikae ubavuni mwa pini, si ng'ambo ya bodi.

kebo_na_ngao: Kama kebo ya sensa ina shildi (ngao ya chuma inayozunguka nyaya), usiisokote kuwa mkia, utarudisha nanohenri zilezile. Ibane mzunguko mzima pale inapoingia kwenye boksi.

fundi_bodi: Asanteni sana. Na mpigo wa sumakuumeme unaokuja hewani, EMP? Mteja anauliza.

saketi_safi: Huo hupimwa ndani ya seli ya TEM (kisanduku cha chuma cha kupimia uga wa sumakuumeme), kwenye chumba chenye ngao, kamwe si uwanjani: utavuruga vifaa vya wengine. IEC 61000-2-9 inautaja kwa kilovolti 50 kwa mita, ukipanda kwa nanosekunde 2.5. Kebo ndizo antena zake, basi marekebisho ni yaleyale. Cha ziada ni mfuniko: punguza nafasi kati ya skrubu. Ufa wa sentimita 15 ni nusu ya wimbi la gigahezi 1, kwa hiyo hupitisha mawimbi hayo ndani kama antena.