Je, Nanika aliingia katika ukoo wa Zoldyck kupitia kwa Zigg?

Kiborloni_Moshi

Wakuu, salaam. Mada hii ni ya wale waliokwisha kuitazama Hunter x Hunter ya mwaka 2011 mpaka sehemu ya 148, kwani nitafichua mengi, yakiwemo ya manga (hadithi asilia ya vitabu vya picha) ambayo anime (katuni iliyotokana nayo) haikuyafikia. Aliye bado njiani na aufunge ukurasa huu, arudi akimaliza.

Swali langu linahusu asili ya Nanika, yule kiumbe anayeishi ndani ya Alluka, mdogo wake Killua, wa ukoo wa wauaji wa kulipwa wa Zoldyck. Masharti yake tumeonyeshwa kwa kirefu: Nanika humwomba mtu mambo matatu, na yakitimizwa, anakuwa tayari kutimiza ombi lolote, ombi hilo likiwa kubwa, uzito wake humwangukia mtu mwingine atakayeombwa baadaye, na anayekataa mara nne mfululizo hufa pamoja na mtu ampendaye kuliko wote. Jambo ambalo hatukuambiwa ni alikotoka. Silva na Kikyo wana watoto watano, yaani Illumi, Milluki, Killua, Alluka na Kalluto, wote wamelelewa katika jumba moja juu ya mlima Kukuroo (volkano iliyokufa yenye mita 3,722, fupi kuliko Meru yetu, kwa wanaopenda kulinganisha), lakini ni Alluka peke yake aliyejikuta na mgeni huyo ndani yake.

Nadharia inayosikika zaidi miongoni mwa mashabiki humtaja Zigg Zoldyck. Jina hilo halimo kabisa katika anime. Katika manga tunaelezwa kwamba Netero, mkuu wa Chama cha Wawindaji, aliwahi kusafiri hadi Bara la Giza, eneo la hatari lililo nje ya dunia ya kawaida ya hadithi (jina ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita bila kukunja uso kidogo) akiwa na wenzake wawili, Linne Horsdoyle na Zigg. Tunaelezwa pia kwamba miongoni mwa majanga makubwa matano yaliyotoka huko kuna kiumbe cha hali ya gesi kiitwacho Ai, na kila aliyetazama anakumbuka sauti "ai" anayoitoa Nanika anapokubali ombi. Hivyo mashabiki huunganisha nukta na kusema kwamba Zigg alirudi nyumbani akiwa na abiria asiyemjua, naye akakaa kimya kizazi baada ya kizazi mpaka alipozaliwa Alluka.

Wengine humgeukia mama, kwa kuwa Kikyo anatajwa kuwa na asili ya Meteor City, na wanadai kwamba giza lote la watoto hawa limetoka upande wake. Naomba kusikia ni ipi kati ya hizi mbili inayosimama juu ya ushahidi wa hadithi yenyewe, na ni ipi inayosimama juu ya hamu yetu tu ya kupata jibu.

Njiro_Arusha

Mkuu, ahsante kwa swali lililopangwa vizuri. Mimi ni miongoni mwa wanaoikubali nusu ya nadharia ya Zigg, na naomba nieleze ni nusu ipi.

Kwamba Nanika ni Ai, au ni wa jamii moja na Ai, nadhani mwandishi ametuachia alama za kutosha. Yoshihiro Togashi alianza kuichapisha kazi hii katika Weekly Shonen Jump mwaka 1998, na tangu hapo ametuzoesha kupanda mbegu mapema na kuivuna baada ya miaka mingi. Nguvu zote tunazoziona kabla ya Alluka zinaelezeka kwa Nen: mtu ana kiasi fulani cha nishati, anajiwekea viapo na mipaka, na hawezi kutoa asichokuwa nacho. Nanika anamrudishia Gon, mhusika mkuu na rafiki wa Killua, mwili uliokuwa umeharibika kiasi kwamba waganga wa Nen walishindwa, na anafanya hivyo kwa muda mfupi tu. Kitu cha namna hiyo hakina nafasi katika dunia tuliyokuwa tumeijua, na mara tu baada ya hapo manga inatufungulia dunia kubwa zaidi nje ya ile ya kwanza. Sioni kwamba mfuatano huo ni wa bahati.

Nusu nisiyoikubali ni ile inayomfanya Zigg kuwa mbebaji. Kwanza, nafasi yake katika ukoo haikutajwa. Tunajua kwamba Maha ni babu yake Zeno, ambaye naye ni babu yake Killua, kwa hiyo kati ya Maha na Zeno kuna kizazi kimoja ambacho hatukionyeshwi, na mashabiki wamemweka Zigg hapo kwa sababu anatoshea. Inawezekana wamepatia, lakini pengo katika orodha ya majina si ushahidi wa jambo lingine lolote. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ukoo wenyewe hauonekani kujua chochote. Zeno yuko hai, Maha yuko hai, na nyumba ile inahifadhi mbinu za kuua na za kustahimili sumu na umeme kwa vizazi. Hata hivyo masharti ya Nanika waliyajua kwa kuona watu wakifa mmoja baada ya mwingine, kisha wakamfungia Alluka katika chumba chenye milango kama ya hazina ya benki. Familia iliyorithi siri haihangaiki kuikisia. Anayetaka kuitetea nadharia ya Zigg itambidi aeleze kwa nini msafiri aliyefika mahali pa hatari kuliko pote duniani hakumwambia mtu yeyote wa nyumbani kwake alichokiona.

Sakina_Arusha

Kuhusu Kikyo nitasema machache, kwa sababu upande huo hauna nyama ya kutosha. Meteor City ni mahali panapopokea kila kinachotupwa, na watu wake hawamo katika kumbukumbu zozote rasmi za dunia. Kwa mtunga nadharia hilo ni shamba lisilo na mpaka: unaweza kumpachika Kikyo mzazi yeyote, na hakuna waraka wa kukukanusha. Ndiyo sababu nadharia hiyo inadumu, ingawa hakuna anayeweza kuonyesha ukurasa hata mmoja unaomuunganisha mama huyo na kiumbe wa nje.

Anachotuonyesha Togashi kuhusu Kikyo ni cha karibu zaidi na kinatisha vya kutosha. Killua anapotoroka nyumbani anamjeruhi mama yake usoni, naye mama analia kwa furaha kwamba mwanawe amekomaa. Tukio hilo linaeleza malezi kwa ukamilifu, na sidhani kwamba kumtafutia damu ya ajabu kutaliongezea chochote.

Marangu_Juu

Habari zenu, ndugu zangu. Nimesoma mchango wa Njiro kwa makini na ninakubaliana naye kuhusu pengo la Zigg, lakini naona kwamba sote tunatazama mlango alioingilia Nanika, ilhali masharti yake yenyewe yanaweza kutuambia zaidi kuhusu asili yake.

Mtazamaji wa Kitanzania, nadhani, humsoma Nanika kwa macho ya visa vya utajiri wa masharti tulivyosimuliwa tangu utotoni: mtu anapata mali, kisha mizimu au mganga anadai roho ya mzazi au ya mtoto wake. Mimi pia nilimsoma hivyo mara ya kwanza, na usomaji huo unakwama haraka. Katika visa vyetu anayekula ndiye anayelipa, au jamaa zake wa damu. Kwa Nanika, aliyeomba utajiri huondoka nao salama, na anayelipa ni mtu mwingine asiye na hatia ambaye bahati mbaya imemkuta akiombwa baada yake. Kwa hiyo hapa hakuna mkataba kati ya pande mbili. Tunachokiona ni kiumbe anayepokea tamaa ya mmoja na kuihamishia kwa mwingine, naye hana kipimo chake mwenyewe cha kilicho kingi na kilicho kidogo.

Sasa tuirudie manga. Janga la Ai halikuelezwa kama ugonjwa au sumu. Linahusishwa na kutegemeana kunakojengwa juu ya tamaa. Maelezo hayo ni machache mno, lakini yanalingana na tunachokiona katika nyumba ya Zoldyck kuliko jambo lingine lolote lililotajwa katika mada hii. Kila mtu katika nyumba ile anamtazama Nanika kwa kile atakachokipata. Illumi anataka kuijaribu nguvu hiyo ili aimiliki, na baba anaona ni heri ifungwe. Killua ndiye pekee anayeweza kumpa Nanika amri bila kutozwa chochote, na siri hiyo aliificha kwa familia nzima. Wengi huichukulia kuwa upendeleo tu wa mwandishi kwa mhusika wake. Mimi naiona kuwa ushahidi, kwa maana inaonyesha kwamba gharama haikai ndani ya Nanika kama sheria ya maumbile. Inategemea uhusiano wake na aliye mbele yake. Anayekuja kwa tamaa anajibiwa kwa kipimo cha tamaa, na kaka anayekuja kucheza naye na kumpapasa kichwa anapewa bure.

Ikiwa ndivyo, hoja ya Njiro kwamba Zeno na Maha hawakujua lolote haiiangushi nadharia ya Zigg kama anavyodhani. Kiumbe asiye na umbo lake, anayejidhihirisha pale tu anapopata mtu wa kutegemeana naye, angeweza kupita kwa vizazi viwili vya watu wasioomba kitu na wasioombwa, kwa kuwa wauaji wale walilelewa kutokumhitaji mtu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba kimya cha vizazi viwili kinaelezeka.

Njiro_Arusha

Ndugu wa Marangu, hoja hiyo nimeipokea kwa heshima, na ile ya gharama kutegemea uhusiano naiona kuwa na nguvu. Hata hivyo, bado hujatuambia kwa nini ni Alluka. Kama kigezo ni mtoto mwenye uhitaji wa kupendwa, Killua mwenyewe alikuwa nao tele, hata Illumi akalazimika kumpandikiza sindano kichwani ili awe anakimbia kila anapokutana na mwenye nguvu kuliko yeye. Kwa kigezo hicho mlango ungefunguka kwa mtoto wa tatu kabla ya kumfikia wa nne.

Marangu_Juu

Hilo sina jibu lake, mkuu, na sioni kama manga imelitoa. Ninachoweza kusema ni kwamba Killua alikuwa ameteuliwa kuwa mrithi, kwa hiyo tangu mdogo hakupata nafasi ya kuachwa peke yake hata kwa siku moja. Alluka hakuwa na kazi aliyopangiwa na yeyote.

Kiborloni_Moshi

Nawashukuru wote. Nilikuja nikiegemea kwa Zigg kwa sababu ya jina lake tu, na sasa naona kwamba jina hilo linatupatia njia ya kufika Bara la Giza bila kutuambia nani aliyeitumia. Naomba niongeze jambo moja kwa wanaofuatilia manga. Katika meli ya Black Whale, iliyofungwa safari kwa jina la kwenda Bara la Giza chini ya ufalme wa Kakin, wamo Illumi na Kalluto, wote wawili wakiwa wamejiunga na kundi la majambazi liitwalo Buibui, Kalluto akiwa namba 4 na Illumi namba 11. Kalluto alipoingia katika kundi hilo alisema kwamba anataka kumrudisha kaka yake, bila kumtaja, na mashabiki wamegawanyika kama alimaanisha Killua au Alluka, kwa kuwa watu wa nyumba ile humhesabu Alluka kuwa mvulana.

Kama alimaanisha Alluka, basi mtoto wa mwisho wa Zoldyck anaweza kuwa na sababu yake mwenyewe ya kuelekea huko, tofauti kabisa na Illumi aliyefuata mpango wa Hisoka, yule mpiganaji anayewindwa na Buibui. Mwenye kitabu cha 37 au cha 38 anaweza kutusaidia: je, kuna mahali ambapo Kalluto anaonekana kulijua jina la Zigg?

Sakina_Arusha

Ninavyo vyote viwili, na sijakutana na mahali pa namna hiyo. Katika kurasa hizo Buibui wanamsaka Hisoka ndani ya meli, na Kalluto hazungumzi sana.